Anayeuliza kama kuna ngano hana maringo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu "watu wa siku hizi wanaoogopa ngano". Alisema aliona katika duka kubwa moja la Dar es Salaam rafu nzima ya vyakula visivyo na gluteni, ile protini ya ngano, akacheka, akamalizia kwamba kudhuriwa na ngano ni ugonjwa wa wazungu na wenye fedha zao, na mtu aliyekuzwa kwa chapati na maharage hana haja nao. Barua yake ilichekesha, na mimi nilicheka. Kisha nikalikunja gazeti nikakumbuka siku tatu nilizolala kwenye sakafu ya bafu la hoteli, mjini Kollam nchini India, mwaka 2017, kwa ajili ya bakuli moja la mchuzi.

Mimi ni mwanamke wa Mikindani, nina miaka 58, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kukata korosho. Watu wa Kusini wanajua maana yake, wengine niwaeleze. Kabla mzigo haujanunuliwa, mtu huchota sampuli kwenye magunia, akazikata korosho ghafi moja moja katikati, akaangalia ndani: hii nzima, hii imenyauka, hii imeoza, hii imeingiwa na mdudu. Halafu hupima, akatoa hesabu ya ratili ngapi (ratili ni karibu nusu kilo) za korosho safi zitapatikana katika gunia la kilo 80. Ganda halikwambii kitu. Nimeshaona gunia linang'aa kama limepakwa mafuta, ukikata nusu yake ni vumbi. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha India na Vietnam, kwa kuwa korosho zetu nyingi huenda kubanguliwa huko, na kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilitaka mtu wake awepo mzigo unapofunguliwa, mnunuzi asije akaleta ubishi.

Ugonjwa ulinianza nikiwa na miaka thelathini na kitu. Tumbo kujaa, kuharisha, kukonda, na damu kupungua kila nikipimwa. Nimetibiwa minyoo, amiba, vidonda vya tumbo, na taifodi sijui mara ngapi. Nimekunywa mizizi. Wifi yangu mmoja alishamjua aliyeniroga na sababu ya kuniroga, na maelezo yake yalishiba kuliko ya madaktari maana yalikuwa na majina. Mwaka 2015 daktari mmoja wa tumbo, Dar es Salaam, alinipima damu, kisha akapitisha kamera kooni mpaka utumbo mwembamba, akanyofoa vipande vidogo vya nyama vikaangaliwe. Hapo nikamwamini. Nikajisemea, huyu naye anakata sampuli.

Akaniambia ni siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, gluteni ikifika utumboni kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala kama mpunga uliopigwa na mvua. Unakula lakini huingizi kitu. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha, na kuacha ni maisha. Niongeze jambo moja kwa anayejishuku: usiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu ukishaacha vipimo vinaweza kuonyesha huna kitu.

Sasa hili la ugonjwa wa wazungu. Ni kweli aliyeuthibitisha uhusiano wake na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alianza kuishuku ngano kabla ya vita, kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini kwao, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu wakati wengine wakidhoofu. Mkate uliporudi, nao ugonjwa ukarudi. Lakini ugonjwa haukubaki Uholanzi. Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika wa jangwani wenye kula ngano kila siku, walichunguzwa miaka ya 1990, na zaidi ya watoto watano katika kila mia walikuwa nao, wakati duniani kwa jumla hukadiriwa mtu mmoja katika mia. Kaskazini mwa India, kwenye ngano yao, wapo tele. Msomaji mwenzangu hajawaona wa kwetu kwa sababu wengi wetu bado tunatibiwa minyoo.

Safari yenyewe ilianza vibaya tangu angani. Tiketi ikikatwa unaweza kuomba chakula maalumu, nacho kina alama yake, GFML, na uombe mapema, siku moja au mbili kabla ya kuruka. Niliomba. Sinia likaja limeandikwa vizuri, wali na kuku. Mhudumu, kijana mpole kweli, akaniangalia, akaona sina mkate na wenzangu wote wanao, akanihurumia. Akarudi na kimkate cha moto akakibandika juu ya wali wangu. "Ongeza, mama." Sikula wali ule. Nilitafuna korosho nilizobeba kwenye mkoba, na nikafika nazo hadi Kollam, ingawa kupeleka korosho Kollam ni sawa na kupeleka nazi Mafia.

Kollam ni mji wa korosho, jimbo la Kerala, na kwa tumbo langu nilidhani nimefika peponi. Asubuhi ya kwanza wakaniletea appam: unga wa mchele na tui, umechachushwa, umepikwa kwenye kikaango chenye tumbo, kingo nyembamba zinavunjika na katikati laini. Mikindani tungesema ni mdogo wake mkate wa kumimina. Wana na puttu, unga wa mchele na nazi iliyokunwa vinashindiliwa kwenye bomba na kupikwa kwa mvuke. Mchana wakaleta kitu wanachokiita kappa. Nikafunua. Muhogo! Muhogo wa kuchemsha, umepondwa na nazi na bizari, na pembeni mchuzi mwekundu wa samaki wenye uchachu wa tunda moja jeusi linalofanya kazi ya ukwaju. Nilikula nimenyamaza. Mwenyeji wangu akadhani sikukipenda, kumbe nilikuwa namkumbuka marehemu mama yangu.

Kule mwanamke mkubwa huitwa chechi, yaani dada, na nilijifunza na neno la ngano, gothambu, na la unga mweupe uliokobolewa, maida. Kila mlo: "Gothambu? Maida?" Nao wakitikisa kichwa. (Tahadhari: kichwa chao kinatikisika kwa namna ambayo mimi sikujua ni ndiyo au hapana mpaka siku ya nne.) Nilijua kuikwepa parotta, ambayo ni chapati ya matabaka, na nilimwona mpishi akiipiga mezani mikono imejaa maida kisha kwa mikono ileile anamimina dosa ya mchele. Dosa yake nikaikataa. Nilijiona mjanja.

Siku ya tano nikaletewa sambar, mchuzi wa dengu na mboga, unaoliwa na karibu kila kitu. Dengu, ukwaju, bamia, majani ya mchuzi. Nikauliza, gothambu hamna, na mpishi hakunidanganya, kwa sababu hata yeye hakujua. Usiku ukanikuta bafuni na sakafu ikawa kitanda changu siku tatu.

Nilipopata nguvu nikarudi jikoni kwake. Sikwenda kugombana; nilikwenda kukata sampuli. Nikamwomba anionyeshe kila alichotia, kimoja kimoja, na mzee yule akatoa makopo yake yote akayapanga mezani bila kununa. Tukafika kwenye kikopo kidogo cha hing. Ni utomvu wa mmea fulani, una harufu kali kama kitunguu saumu kilichooza, na wanatia mnyunyizo tu. Kwa ukali wake mara nyingi hauuzwi mtupu. Huchanganywa na unga ili upimike. Kijana wake akasoma nyuma ya kopo. Wa kwanza kuandikwa: unga wa ngano. Mzee akakishika kikopo kile akakigeuza mara mbili tatu. Akaniambia, na kijana akatafsiri, kwamba amekitumia miaka arobaini bila kusoma nyuma yake. Kuanzia siku hiyo alinipikia sambar yangu kwenye sufuria ndogo, bila hing, na kila aliponiletea alikuwa anagonga ukingo wa sufuria mara moja kwa kijiko, kama kupiga muhuri.

Vietnam, mwaka 2019, nilikwenda nimejizatiti. Mpwa wangu alinitengenezea kikaratasi kwa lugha ya huko kwa kutumia simu: huyu mama ni mgonjwa, hawezi kula "mì". Maana mì ni ngano, ni tambi za ngano, na mkate wao, bánh mì, ni wa ngano. Siku ya kwanza, kusini kule kwenye viwanda vya Bình Phước, wakatuandalia na kitu kitamu kwa mwisho: keki ya njano ya kuokwa, inanukia nazi, na kwa harufu tu nikaijua ni muhogo uliokunwa. Mate yakanijaa. Mhudumu akasoma kikaratasi changu, macho yakamtoka, akainyakua sahani mbele yangu na kukimbia nayo jikoni.

Nilibaki na uma mkononi. Mkalimani wetu alicheka mpaka akashika meza. Kumbe watu wa kusini mwa Vietnam muhogo wanauita khoai mì. Kaskazini una jina jingine kabisa, sắn. Yaani kikaratasi changu kilikuwa kimempiga marufuku muhogo, mimi mtoto wa Mikindani! Akanisahihishia kwa kalamu: lúa mì, ngano yenyewe, na bột mì, unga wake. Akaongeza kitu ambacho mpwa wangu hakukijua, nước tương, mchuzi wa soya, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Huo ndio mtego wa nchi nyingi za wala mchele. Mezani huoni ngano hata punje, wali mweupe, samaki wa kuchoma, mboga, na imo ndani ya chupa nyeusi. Nikahamia kwenye mchuzi wao mwingine, nước mắm, ambao ni dagaa na chumvi vilivyovundikwa miezi mingi. Harufu yake ni soko la samaki la Feri saa saba mchana, lakini ni salama, na kwa bún, zile tambi nyembamba za mchele, nilikula wiki mbili bila kuharibikiwa. Keki ya muhogo walinirudishia. Vipande viwili.

Ulaya sijafika. Mwanangu aliyeko huko ananiambia tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka kila mwenye mgahawa aweze kumweleza mteja kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyodhuru watu, na nafaka zenye gluteni zimo. Na ile rafu ya duka la Dar imejaa bidhaa za kutoka huko, kwa bei ambayo mimi pia siiwezi. Makaroni ya pakiti moja kwa fedha ya kununua pweza mzima! Hapo nakubaliana na msomaji mwenzangu.

Lakini nani kasema mimi nataka makaroni? Ndiyo hoja yangu nzima. Nirudi nyumbani, maana huku ndiko nilikoumwa mara nyingi kuliko ugenini, katika mkoa ambao ningeambiwa nichague pa kuishi na ugonjwa huu ningeuchagua. Ugali wa muhogo, ugali wa mtama, wali wa nazi, mbaazi, kisamvu, samaki, pweza, korosho, na msimu wa ming'oko, mizizi yetu ya porini, unapofika, ming'oko kwenye ungo pale stendi, ya kuchemsha, unamenya unakula. Vyote havina gluteni na vilikuwa havina kabla neno hilo halijazaliwa. Tatizo ni mkono unaopita juu yake.

Chukua kitumbua. Kitumbua ni mchele. Ila kuna anayetia vijiko viwili vya ngano kishikane, na hasemi. Pweza ni pweza, lakini anakaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga sambusa. Shughulini, mwiko uliogeuza chapati ndio unaopakua wali wangu. Ukiuliza unajibiwa kwa upendo kabisa: "Hamna, bibi." Ukikazana: "Kidogo tu." Mwaka jana kwenye harusi ya jirani nilimuuliza mpishi mara tatu kuhusu mchuzi wa nyama. Hamna, hamna, hamna. Nikala. Baadaye usiku mwenyewe alikuja kunipa pole akakiri alikorogea unga kiganja kimoja uwe mzito, na hakutaka nijisikie vibaya mbele ya watu. Nikaumwa wiki.

Niwafanyie hesabu ya hiyo "kidogo tu" kwa kipimo cha kwetu. Kiwango cha kimataifa kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Gunia la kilo 80, hiyo ni gramu 1.6. Chukueni korosho moja iliyobanguliwa, ile ya daraja la W320, maana yake ratili moja ina korosho 320 hivi; moja ina uzito wa karibu gramu moja na nusu. Korosho moja katika gunia zima. Kiganja cha unga ndani ya sufuria ya harusi ni kitu gani basi?

Na hili la maringo. Sisi Waislamu tukiingia mgahawa wa ugenini tunauliza nyama imechinjwa na nani. Nimeuliza Kollam, nimeuliza Vietnam, na huku Mtwara nimewaona Wakristo wanaotuandalia vyakula wakituhakikishia kabla hatujauliza. Hakuna aliyewahi kuniambia ninajidai. Mpishi akijibu "kidogo tu" kuhusu nguruwe, shughuli inavunjika siku hiyohiyo. Kwa hiyo kuuliza tunajua, na kujibu kweli tunajua. Ninachoomba ni swali langu lihesabiwe kuwa swali.

Siombi sheria ya Ulaya, wala siombi mama lishe anunue unga wa ajabu. Ninaomba vitu vya bure. Mpishi akitia ngano aseme ametia. Nitakula ndizi na nitamshukuru. Kwenye shughuli mwiko wa wali usiguse chapati, na sahani moja ipakuliwe kwanza, kabla ya wengine. Anayekaanga vya aina mbili, pweza atangulie na sambusa zifuate, mafuta yakiwa bado mapya. Hoteli zetu za mjini, zinazopokea wageni wa gesi na wa korosho kutoka kila nchi, ziwe na mtu mmoja jikoni anayesoma nyuma ya makopo, maana unga wa supu na mchuzi wa soya wa chupa siku hizi umo mpaka kwenye mboga za majani. Na Ramadhani, jamani. Mnanialika futari, mnapanga tambi, kaimati na sambusa mbele yangu, na muhogo wa nazi na magimbi mnayaficha jikoni mkidhani ni chakula cha kumwonea mgeni aibu. Nileteeni hicho mnachokificha.

Kuna dada mmoja pale Feri, anakaanga pweza na samaki. Zamani aliniona mkorofi. Nilimweleza kama nilivyoeleza humu, nikamchorea na lile gunia. Sasa akiniona nakuja kwa mbali anapaza sauti watu wote wasikie: "Bibi Korosho! Leo usisogee, nimeanza na sambusa!" Basi nageuza, narudi kesho yake mapema.

Jumamosi hii tuna harusi ya mjukuu wa dada yangu. Mpishi ni yuleyule wa mwaka jana. Amenitumia salamu kwamba sufuria yangu niilete Ijumaa jioni, tena yenye mfuniko.

Wasalaam,
Mkata korosho, Mikindani, Mtwara
(jina langu kamili mnalo)